Kwanini likizo ya baharini inakula bajeti mara mbili? Natoka Dodoma na familia, njooni tujadili

#1 BabaTatu_Dom
Wakuu kwema? Naomba tuongee kitu kimoja kinachonishinda. Disemba shule zikifungwa nataka niwapeleke watoto baharini. Hawa wa kwangu bahari wanaijua kwenye TV tu, mdogo wao juzi kaliona bwawa la Hombolo akauliza kama ile ndo Zanzibar. Tuko sita: mimi, wife, mama mkwe na watoto watatu, miaka 13, 8 na 3. Bajeti ni milioni 1.2 kwa usiku nne. Nachoumiza kichwa sio wapi pazuri, ni kwanini kila ninayemuuliza ananiambia "ukipanga milioni andaa mbili". Jirani yangu alienda Dar mwaka jana na laki nane kwenye simu, hanywi pombe, hakulala hotelini, siku ya tatu anapiga simu ofisini kuomba advansi. Hela inaendaga wapi? Msimamo wangu ni nauli na malazi, ukiyabana hayo mawili umemaliza mchezo. Nani anapinga? Machaguo yangu ni Dar, Tanga au Zanzibar.

#2 Kapuchi255
Napinga. Nauli kwa mtu wa Dodoma sio kisingizio tena tangu treni ya SGR ianze 2024. Daraja la kawaida Dom–Dar elfu 31, mtoto nusu, chini ya miaka minne bure. Wakubwa watatu 93,000, watoto wawili 31,000, jumla 124,000 kwenda. Masaa manne hata hayafiki uko mjini. Zamani basi lilikuwa linakula siku nzima na chakula cha njiani juu.

#3 Lumumba7
Kwani mkuu huna ndugu Dar? Kila mtu wa bara ana ndugu Dar. Fikia hapo, malazi umeyafuta. Milioni yote mnakula samaki.

#4 MamaWawili
#3 nimecheka mpaka nimemwaga chai. Ndo hao ndugu wanaomaliza hela! Sisi tulifikia kwa shemeji Mbagala tukajua tumeokoa. Kwanza huingii kwa watu mikono mitupu, tulibeba mchele gunia nusu, karanga na ubuyu. Asubuhi ya kwanza LUKU ikakata, kila mtu kimya, shemeji anaangalia ile mita alafu ananiangalia mimi. Nikanunua umeme. Kesho yake gesi. Ukienda sokoni unanunua ya watu kumi na moja maana na wa kwao wapo, na huwezi kwenda ufukwe wa Coco na watoto wako ukawaacha wa mwenyeji wanalia mlangoni, kwahiyo bajeti ya watoto wawili inakuwa ya watoto saba. Na Mbagala mpaka Coco na watoto ni daladala mbili, jioni wamelala wote mabegani, unaita bajaji. Siku ya kuondoka unaaga kwa kumshikisha kila mtoto noti. Nilipiga hesabu nikakuta ingekuwa heri lodji.

#5 ShangaziIlala
Na sisi tunaowapokea mtusikilize jamani. Disemba kwangu panakuwa kama stendi. Mtu anakwambia "shangazi tunapita tu" anakaa mpaka mwaka mpya. Mchele wake kilo kumi unaisha siku mbili, yeye bado anahesabu kwamba kaleta gunia. Maji ya tenki nanunua mimi. Halafu wanarudi mikoani wanasema Dar tumetumia hela nyingi, hela ipi? MamaWawili wewe ni muungwana maana ulinunua LUKU, wengine wanakaa gizani wanasubiri nijiongeze.

#6 MhasibuMstaafu
Marekebisho kidogo kwa #2. Nusu nauli ni miaka 4 mpaka 12. Huyu wa 13 analipa nzima. Kwahiyo ni wakubwa wanne 124,000 na mmoja nusu 15,500, jumla 139,500 kwenda, 279,000 kwenda na kurudi. Kwenye 1.2m anabaki na 921,000 kabla hajanunua hata maji. Ndo hivyo bajeti zinavyoanza kuvuja, mtu anakosea elfu thelathini hapa na elfu ishirini pale.

#7 Kapuchi255
#6 huyo wa 13 si anaweza kuwa mfupi, hahaha

#8 MhasibuMstaafu
Tiketi inakatwa kwa taarifa za abiria mkuu. Ufupi wake hausaidii.

#9 MtuWaChumbageni
Mnazunguka mbuyu, jibu ni Tanga. Dar sio mji wa kupumzika, Dar ni mji wa kazi uliopata bahati ya kuwa karibu na maji. Tanga mji mtambarare, watu wanatembea na baiskeli, chumba cha heshima unapata kwa bei ambayo Dar unapewa chenye feni inayolia. Raskazone unaogelea kwa kiingilio cha kawaida, mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu kutoka mjini, chemchemi ya maji moto ya salfa ya Galanos iko upande huohuo, magofu ya Tongoni mnapita mkielekea Pangani. Mkitaka mchanga mweupe ni Ushongo. Watoto wanakula machungwa ya Muheza mpaka wanatoka vipele mdomoni. Na samaki, samaki wa nazi wa Tanga sitaki kubishana na mtu.

#10 Fundi_Geti
Tanga? Muulize kwanza wife kama anakubali uende. "Waja leo waondoka leo" ni kauli ya kwenye kibao tu, mimi nina mjomba alienda kufunga mageti Ngamiani tangu hapo tunamsikia kwenye simu.

#11 MtuWaChumbageni
Mjomba wako kapata amani yake, muacheni.

#12 BabaTatu_Dom
Asanteni. #9 Tanga naipenda ila Dodoma–Tanga kwa basi ni Moro, Chalinze, Segera, karibia kilomita 600, na huyu wa miaka mitatu akikaa kwenye gari masaa mawili anatapika. Nikipanda SGR mpaka Moro au Dar kisha basi, nauli inakuwa mara mbili. Si nilisema nauli?

#13 Kapuchi255
Hapo umejichagulia nauli mwenyewe. Shuka Dar, baki Dar, tatizo limeisha.

#14 DadaKibaoni
Mimi nina maoni tofauti na wote. Hela haiendi kwenye nauli, malazi wala ndugu. Inaenda kwenye kiingilio na kile kibao cha "hairuhusiwi kuingia na chakula". Tulienda bichi moja Kigamboni, sitaji. Getini tunalipa kila kichwa, wakasema sehemu ya hiyo hela tutafidia kwenye vinywaji. Sawa. Mama yangu kabeba hotpoti ya pilau kaifunga na kanga. Mlinzi kaigusa tu ile kanga akasema "mama hii inabaki hapa". Pilau ya kuku ya watu wanane ikakaa kwenye kibanda cha mlinzi toka saa nne mpaka saa kumi na moja jioni, sisi ndani tunanunua chipsi kavu kwa bei ya kuku mzima wa mtaani na soda ya buku mbili na nusu. Tulipotoka kifuniko kiko upande upande na mapaja ya kuku hayapo, na yule mlinzi anatuaga kwa furaha kweli.

#15 ShangaziIlala
Hahahaa, mlinzi alifanya uchunguzi wa usalama

#16 Lumumba7
#14 ndo mana mimi naenda Coco tu. Pale hakuna geti wala mlinzi. Mihogo ya kuchoma yenye chachandu, madafu, upepo bure. Watoto wanacheza mchanga mpaka giza.

#17 DadaKibaoni
Coco Jumapili jioni na mtoto wa miaka 3? Utamtafuta kwa kipaza sauti. Na pale chini kuna mawe, maji yakijaa mawimbi yanagonga kwelikweli, mimi kuogelea na watoto wasiojua maji siwezi. Kukaa na kula mihogo sawa.

#18 NahodhaMjini
Habarini. Nimesoma mpaka hapa hakuna hata mmoja aliyetaja maji. Mnapanga safari ya baharini bila kujua bahari itakuwepo saa ngapi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanatoka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Sasa familia ya bara inaamka, inakunywa chai, inafika ufukweni saa nne, inakuta matope na kaa. Wanakaa wanasubiri. Wanasubiri wakila nini? Wakinunua. Maji yanarudi jioni watoto wamechoka, baba kashamaliza hela ya siku. Hiyo ndo hela yako mkuu #1, umemlipa muuza soda akusaidie kusubiri bahari.

#19 BabaTatu_Dom
#18 mkuu hii sijawahi kuisikia. Kwahiyo niende lini?

#20 NahodhaMjini
Hesabu mwezi wa kiislamu. Tarehe 1 mpaka 3 na 14 mpaka 17 ni bamvua. Ukienda kwenye tarehe 7, 8 au 21, 22 ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana, na saa za kujaa zinaangukia huohuo muda wa saa nne asubuhi, safi kwa watoto. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, ukijua leo unajua kesho. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kutoka inapita mita tatu, sio mchezo.

#21 Mkwaju_Pemba_Road
Sio mwezi tu, upepo nao. Disemba ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kaskazi ikikaza hata maji yakiwepo bahari inachafuka na mwani unajaa ufukweni.

#22 NahodhaMjini
Mwani ni kusi zaidi mzee, upepo wa kutoka kusini.

#23 Mkwaju_Pemba_Road
Kwenu labda. Kwetu ni kaskazi.

#24 BintiKijangwani
Assalaam aleikum. Na mimi wa Unguja niseme. Inategemea na ufukwe wenyewe pia. Nungwi maji hayendi mbali, saa yoyote mtoto anaoga, kwa sababu kina kinashuka hapohapo karibu. Paje na Jambiani kuna uwanda mpana mpaka kwenye mwamba, maji yakitoka unakwenda kwa miguu masafa, na ndio maana akina mama wanalima mwani kule. Wageni wanalia "bahari imekauka" na wao wamekuja wenyewe bila kuuliza. Gari ya Nungwi ni 116, haina haja ya teksi.

#25 Lumumba7
BintiKijangwani ahsante, ila Zanzibar kwa 1.2m na watu sita tusidanganyane.

#26 MhasibuMstaafu
Twende na namba. SGR 279,000. Boti kwa Mtanzania daraja la chini ni elfu thelathini na kitu kwa mkubwa, wakubwa wanne na mtoto kwenda na kurudi weka laki tatu. Umeshatumia 579,000 hujalala popote. Inabaki 621,000 kwa usiku nne watu sita. Inawezekana kama mnalala mjini mtaa wa Ng'ambo, mnakula chakula cha mama ntilie na soko la chakula la Forodhani mnaenda kuangalia.

#27 BintiKijangwani
Forodhani kuangalia 😂 ukimpeleka mtoto pale halafu asile, dhambi. Urojo upo wa bei ndogo tu mitaani, si lazima pale. Na kuna vyumba vya wenyeji vya bei nzuri huko vijijini, ila Disemba mwisho na Januari wageni wengi bei zinapaa, halafu tarehe 12 Januari kuna Mapinduzi. Njooni mwezi wa sita skuli zikifungwa.

#28 Fundi_Geti
Mwezi wa sita naunga mkono. Hakuna joto, hakuna msongamano, chumba unapunguziwa bila kuomba. Nadhani hii ndo sababu kubwa kuliko zote, ni Disemba tu. Nchi nzima inaenda pwani wiki moja, kwanini wasipandishe?

#29 NahodhaMjini
Mwezi wa sita kusi imepamba. Kwa kukaa ufukweni sawa, ila mnaotaka kuvuka kwenda visiwani na boti ndogo na watoto mfikirie mara mbili. Kaskazi bahari inakuwa na siku tulivu nyingi zaidi.

#30 Kapuchi255
Visiwa si lazima kuvuka mbali. Mbudya unapandia Kunduchi, Bongoyo unapandia Masaki pale Slipway. Unalipa boti na kiingilio cha hifadhi ya bahari, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni. Maji meupe unaona miguu yako. Hayo ndo maeneo ambayo mtoto wa Dodoma akienda anasimulia mpaka darasa la saba.

#31 MamaWawili
Mbudya pazuri sana ila jamani hakikisheni kila mtoto kavaa boya lake, na la saizi yake. Sisi tulipewa yote ya wakubwa, mwanangu likampita kichwani akabaki anachungulia kwenye tundu la mkono. Nilimkataa nahodha mpaka akaenda kutafuta madogo kwenye boti ya jirani. Watu wakanuna kwamba nachelewesha, wanune. Watoto wa bara hawajui maji, hata ya magotini wanaanguka wanashtuka.

#32 Nyanda_Bariadi
Point. Na viatu vya plastiki, wale wadudu wa miba myeusi hawana huruma. Yebo za buku tano zinaokoa safari nzima.

#33 KijanaWaLikoni
Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu mwahangaika bure, kujeni huku. Pirates ni ufukwe wa umma, huulizwi shilingi. Bustani ya Mama Ngina jioni mwakaa, watoto wakimbia, mwala viazi karai, mihogo na achari, mabuyu. Ferry ya Likoni mtu wa miguu halipi, watoto wapanda wakienda wakirudi wakidhani ni ziara. Fort Jesus pia ipo, ya tangu 1593, watalipa kidogo lakini wataona kitu.

#34 Lumumba7
#33 mtu wa Dodoma apite wapi aje Mombasa? Na hiyo treni yenu mmepandisha.

#35 KijanaWaLikoni
Kweli ilipanda, 2024 ikatoka shilingi 1,000 za Kenya ikawa 1,500 Nairobi–Mombasa, na watu walilia. Lakini wewe huji kwa treni, waja kwa Tanga. Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, umefika. Si mbali.

#36 MtuWaChumbageni
Akishafika Tanga aende Mombasa kufanya nini? Tanga ndo mwisho wa safari.

#37 MhasibuMstaafu
Na mpakani kila mtoto awe na karatasi zake, hati za safari za muda zinagharimu, na foleni. Kwa usiku nne haifai. Mombasa ni ya mtu wa Arusha, Moshi au Tanga.

#38 KijanaWaLikoni
Haya. Lakini mkija msiseme hamkualikwa.

#39 BabaTatu_Dom
Wakuu naona kila mtu ana mwizi wake wa hela. Nimehesabu: nauli (mimi), ndugu, getini, maji kutoka, Disemba. Nimempa wife asome uzi huu, kasema wote mmekosea, kasema hela inaliwa na baba anayebeba simu yenye pesa mfukoni, kila mtoto akilia analipa. Nimenyamaza.

#40 DadaKibaoni
Wife mpe maua yake! Huyo kasema ukweli. Mume wangu mimi akifika ufukweni anakuwa mtu mwingine, nyumbani anauliza bei ya nyanya, pale anawapandisha watoto ngamia bila kuuliza shilingi ngapi, mpiga picha anapiga picha thelathini tunadaiwa zote.

#41 Fundi_Geti
Kwa utetezi wa wanaume, hiyo ndo raha yenyewe ya likizo. Mtu mwaka mzima anauliza bei ya nyanya, siku nne asiulize bei ya ngamia.

#42 ShangaziIlala
Na wanawake mnavyobeba oda za majirani hamsemi? "Nikija na dagaa wa kukaanga", "niletee kanga", "viungo vya Zanzibar robo robo". Nusu ya begi la kurudi sio la familia. Mgeni wangu mmoja alirudi na madera sita ya watu, walimlipa wawili.

#43 MamaWawili
Shangazi hapo umetugusa. Ila ni biashara ile.

#44 ShangaziIlala
Biashara ya hasara.

#45 Nyanda_Bariadi
Mimi naona sababu ni umbali wa unapolala na maji. Watu wanakwepa chumba cha elfu 60 karibu na bahari wanalala cha 30 Ubungo, alafu wanakula 40 kila siku ya bajaji na boda kwenda na kurudi, bado masaa ya foleni. Na wakishaondoka hawawezi kurudi kula mchana, wanakula nje, na mtoto akichafuka anakaa hivyohivyo mpaka usiku. Ukilala karibu, asubuhi mnaoga, mchana mnarudi mnapika, mnalala, jioni mnarudi majini. Hiyo ratiba inaendana hata na maji ya #18.

#46 MhasibuMstaafu
#45 umeniwahi. Apatimenti ya vyumba viwili yenye jiko, upande wa Kigamboni au Mbezi Beach kwa ndani kidogo sio zile za mstari wa mbele, ukitafuta mapema inapatikana kwenye elfu 90 hivi. Usiku nne 360,000. Toa kwenye ile 921,000 anabaki na 561,000, kwa siku tano ni kama laki na kumi kwa siku. Watu sita wakipika wenyewe mara mbili kwa siku, samaki wananunua soko la Feri asubuhi, hiyo inatosha na inabaki ya Mbudya siku moja.

#47 Kapuchi255
Feri asubuhi sana, saa kumi na mbili. Ukienda saa nne unakuta bei ya mchuuzi. Na kutoka Kigamboni ni pantoni tu, mia mbili kichwa, watoto watafurahi kuliko hata bahari yenyewe.

#48 DadaKibaoni
Jamani nani anapika kwenye hiyo likizo? Naona wanaume mnagawa masufuria tu. Mama wa watoto akapike Dodoma akapike na Kigamboni, yeye likizo yake iko wapi?

#49 Lumumba7
Mama mkwe si yupo

#50 DadaKibaoni
#49 rudia hiyo sentensi mbele ya mama mkwe wako.

#51 BabaTatu_Dom
Naomba mama mkwe tumuache jamani, yeye ndo kachangia laki mbili. Na kashasema anabeba jiko lake la mkaa, nimemwambia mama kule kuna gesi, kasema gesi haiivishi makande.

#52 MhasibuMstaafu
Umesema 1.2m, na hiyo laki mbili ni ndani au nje?

#53 BabaTatu_Dom
Ndani mkuu.

#54 Fundi_Geti
Kumbe bajeti ni milioni 😂 na jiko la mkaa kwenye SGR, naomba namba ya behewa.

#55 KaoleBoy
Nimechelewa. Hivi mnapitaje Bagamoyo bila kuitaja? Kutoka Dar ni kama kilomita 65–70, magari ya abiria kila dakika. Mji mdogo, unatembea kwa miguu, mnaona magofu ya Kaole, misheni ya 1868, soko la samaki pale ufukweni wanakaanga mbele yako. Chumba rahisi kuliko Dar. Kaka umekazana na miji mikubwa wakati familia haihitaji mji.

#56 Mkwaju_Pemba_Road
Bagamoyo maji yake kahawia, mto Ruvu unamwaga tope pale. Kwa historia nenda, kwa kuoga hapana.

#57 KaoleBoy
Inategemea na msimu. Na mtoto wa miaka 3 rangi ya maji inamhusu nini?

#58 MtuWaChumbageni
Kwa mapango mlete Amboni. Wanasema yako kumi ila wageni wanaingizwa moja, ndani giza, popo kibao, kuna sehemu unapita kwa kuinama kabisa. Mtoto wa 13 ataipenda. Wazee wanasema njia yake inatokea mpaka Mombasa.

#59 KijanaWaLikoni
Huku hatujaona mtu akitokea.

#60 NahodhaMjini
Hahaha. Mkuu #1 sasa umeamua nini? Nipe tarehe nikwambie maji.

#61 BabaTatu_Dom
Kikao cha familia kimekaa jana. Dar, Kigamboni, apatimenti yenye jiko, tukiondoka wiki ya pili ya Disemba kabla ya krismasi maana #28 kanitisha. Tiketi nakata wiki hii, nasikia Disemba zinawahi kuisha. Simu yenye hela anashika wife, mimi nimepewa elfu ishirini kwa siku ya "udhaifu". Mbudya siku moja. Chakula wife kasema mchana anapika mama mkwe kwa hiari yake, usiku tunanunua. Kuhusu hela inaenda wapi nitarudi na risiti zote tuhesabu hapahapa, maana bado naamini ni nauli.

#62 NahodhaMjini
Angalia kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi sio baada. Ikiangukia bamvua sogeza siku tano mbele, haikugharimu kitu.

#63 ShangaziIlala
Na mkiwa Dar msije kwangu kusalimia saa ya chakula.

#64 MamaWawili
Shangazi atawapokea tu, maneno hayo.

#65 Mwanza_Rock
Wakuu mimi nimesoma uzi wote toka juu. Sisi wa Mwanza tuna ziwa bure, sangara, sato, mawe ya Bismarck, kwanini mtu ahangaike na SGR na bamvua kwenda kutafuta maji ya chumvi?

#66 Nyanda_Bariadi
Ziwa lina kichocho na mamba, kaa nalo.

#67 Mwanza_Rock
Na nyie mna wadudu wa miba myeusi, yebo za buku tano, na mlinzi anayekula pilau.